Uyoga Chaza Jikoni na Kwenye Dawa: Mwongozo Kamili kwa Hewa ya Mombasa

Anayeniuliza habari za uyoga huja na moja ya malalamiko matatu. Aliupika kwa nazi ukawa majimaji na kuteleza mdomoni. Aliuanika juani ukaota ukungu. Au aliambiwa unashusha sukari, akaula wiki nzima, na kipimo hakikusogea.

Malalamiko mawili ya kwanza yana chanzo kimoja: maji. Uyoga mbichi ni maji kwa karibu asilimia 90, na hewa ya Mombasa nayo ina maji yake. Maelekezo mengi ya kupika na kukausha yameandikwa na watu wa miji mikavu. Ukiyafuata hapa yalivyo, utakwama. La tatu ni la matarajio, na nimeliwekea hatua yake ya mwisho.

Ninazungumzia uyoga chaza: unaota kwa vishungu, kofia zake pana zimepandana, rangi nyeupe, ya kijivu au ya hudhurungi. Wauzaji wengi wanauita oista, na Tanzania wanauita mamama. Ule mdogo wa mviringo wa kwenye visahani vya supamaketi ni aina nyingine. Hatua ya 1 hadi ya 5 zinaufaa nao, lakini usijifunzie kukausha juu yake. Ni mnene na unachelewa kutoa maji.

Utakavyohitaji

Kwa kupika, watu wanne:

- uyoga chaza mbichi nusu kilo
- nazi 2 zilizokomaa, mbuzi ya kukunia na kifumbu au chujio
- nyanya 3 zilizoiva
- thomu punje 5 na kipande cha tangawizi
- bizari ya manjano nusu kijiko cha chai, pilipili manga, pilipili mbichi 1 au 2
- ndimu 1, dania, chumvi, mafuta vijiko 2 vya kulia
- kaango pana yenye kitako kizito
- jiko la makaa na wavu wa kuchomea

Kwa kukausha:

- uteo au wavu safi, kitambaa cha pamba na kipande cha chandarua
- feni, au oveni inayoweza kushuka hadi nyuzi 60
- chupa za kioo zenye vifuniko vinavyobana

Kwa upande wa dawa: mizani ndogo ya jikoni, kinu na mchi au blenda, na kwa mwenye kisukari, kipimo chake cha nyumbani. Bila kipimo hicho hatua ya 9 haina maana.

Hatua ya 1: Nunua, usichume

Nunua kwa mkulima unayemjua au dukani, na ununue siku utakayoutumia au siku moja kabla. Tafuta kishungu ambacho kofia zake bado zimejikunja kidogo ukingoni. Kofia iliyokwisha funguka na kugeuka juu ni ya uyoga mzee. Shina lake litakuwa gumu na utakuta vumbi jeupe juu ya kofia za chini. Vumbi hilo ni mbegu zake. Halidhuru tumbo, ila huwasumbua wenye pumu.

Gusa, kisha nusa. Uyoga mzima ni mkavu mkononi na harufu yake ni hafifu. Ukiteleza au ukinuka samaki, urudishe. Kama umefungwa kwa karatasi ya plastiki, angalia chini ya kisahani: matone ya maji yakikusanyika pale, umeshakaa sana.

Jambo moja linalowafanya watu wautupe bure ni manyoya meupe kwenye shina. Hayo si ukungu wa kuoza. Ni uyoga wenyewe unaojaribu kuota tena, na unalika. Rangi ya kijani, nyeusi au ya waridi ndiyo ya kuogopa, isipokuwa kama ulinunua aina ya waridi.

Sasa onyo ambalo sitalipunguza makali. Usichume uyoga wa porini wala wa kwenye bustani ya nyumba. Katika nchi za joto, mvua zikishika, kwenye nyasi huota uyoga mkubwa mweupe wa umbo la mwavuli, mzuri wa kutazama, unaotapisha na kuharisha vibaya ndani ya saa chache. Na huo ni afadhali. Upo uyoga ambao sumu yake haiuawi na moto. Dalili hukawia saa 6 hadi 24, mgonjwa hutapika, hupata nafuu ya uongo, kisha ini huharibika. Kuupika pamoja na sarafu ya fedha au kitunguu ili uone kama rangi itabadilika hakupimi chochote. Kwamba umeliwa na konokono pia si ushahidi. Mtu akiugua baada ya kula uyoga, apelekwe hospitali bila kungojea, na uyoga uliobaki upelekwe pamoja naye.

Hatua ya 2: Ubebe na kuuweka pakavu

Safari kutoka Mtwapa hadi Likoni, pamoja na foleni ya feri, inatosha kuuchemsha uyoga ndani ya mfuko uliofungwa. Ubebe kwenye mfuko wa karatasi ya kaki au kikapu kilichotandikwa kitambaa. Usiuweke chini ya nazi na nyanya.

Nyumbani, utoe kwenye plastiki yake hata kama imefungwa kiwandani. Uhamishie kwenye mfuko wa karatasi, uufunge kwa kuukunja tu, uuweke rafu ya kati ya friji. Karatasi inanyonya jasho la uyoga, plastiki inalirudisha. Hapo utakaa siku 4 hadi 6. Umeme ukikatika usiku mzima, uupike asubuhi ile ile.

Usigandishe uyoga mbichi. Barafu inapasua nyama yake, na ukiyeyuka unapata uji. Upitishe hatua ya 5 kwanza, upoe, ndipo uingie friza.

Hatua ya 3: Usafishe na kuuchana

Uyoga chaza hulimwa juu ya mabaki ya mimea: majani makavu ya nafaka, pamba taka, maganda. Hauoti kwenye samadi, kwa hiyo hauhitaji kusuguliwa. Kata kitako kigumu kinachoshikilia kishungu. Gongagonga kofia juu ya sinia ili wadudu wadogo waanguke kutoka kwenye mikunjo ya chini.

Ukiona taka, suuza haraka chini ya bomba, utikise, utandaze kwenye kitambaa. Usiuloweke. Nyumba nyingi za hapa hutumia maji ya kisima yenye chumvi. Ukisuuzia hayo, punguza chumvi ya kupikia.

Kuchana ni kwa mikono, kufuata nyuzi kutoka kofia hadi shina, vipande vya upana wa kidole. Kisu kinakata nyuzi na kuacha nyuso laini zinazogandana kwenye kaango. Vishungu vya kupaka, vile vya hatua ya 6, usivichane. Vigawe viwe vipande vikubwa vinavyojaa kiganja.

Hatua ya 4: Upigwe jua saa moja (si lazima)

Hatua hii haigharimu chochote, na ndiyo faida ya kiafya ya uyoga ambayo ninaiamini kuliko zote. Ndani ya uyoga kuna ergosteroli, na mionzi ya jua ikiipiga inageuka kuwa vitamini D2. Uyoga uliolimwa chumba cha giza huwa na kiasi kidogo mno. Uliochanwa ukakaa jua kali la mchana kati ya dakika 15 na saa 2 hupata mikrogramu 10 au zaidi katika kila gramu 100. Mtu mzima anahitaji takriban 15 kwa siku.

Tandaza vipande kwenye sinia, mikunjo ya chini ya kofia ikielekea juu, kati ya saa tano asubuhi na saa nane mchana. Funika kwa chandarua kwa ajili ya nzi. Nyuma ya kioo cha dirisha haisaidii, kwa sababu kioo kinazuia mionzi inayofanya kazi hiyo. Saa moja inatosha. Sehemu kubwa ya vitamini hiyo inabaki hata ukipika au ukikausha.

Kwa akina mama wanaokaa ndani sana, na wanaojifunika mwili wote wakitoka, hii si habari ndogo.

Hatua ya 5: Toa maji kabla ya kitu kingine chochote

Hapa ndipo mchuzi wa watu wengi unapoharibikia. Desturi yetu ni kukaanga kitunguu, kutia nyanya, kisha kuingiza kitoweo. Kwa nyama ni sawa. Ukiufanyia hivyo uyoga, unatoa maji yake ndani ya nyanya na kupikika kwa mvuke, ndiyo ule utelezi. Baadaye unatia tui, tui linachanganyika na maji ya uyoga, na mchuzi haushiki tena.

Fanya hivi badala yake:

1. Pasha kaango tupu kwa moto wa wastani hadi tone la maji likidondoka lirukeruke.
2. Tia uyoga bila mafuta na bila chumvi, safu moja tu. Nusu kilo haienei kwa mara moja. Gawa mara mbili au tatu.
3. Uache bila kuugusa dakika 2. Utasikia mlio, kisha utaona maji yanatoka pembeni. Usishtuke, wala usiyamwage, yana ladha. Endelea hadi yakauke yenyewe.
4. Mlio ukibadilika, kutoka wa kuchemka kuwa wa kukaangika, tia mafuta kidogo na chumvi. Geuza hadi kingo ziwe za dhahabu.

Sababu ya kuanza bila mafuta ni kwamba uyoga mbichi unanyonya mafuta kama sponji, unaishia kuwa mzito na bado una maji ndani. Ukishatoa maji kwanza, vijiko viwili vinatosha nusu kilo nzima.

Usiogope kuupika kupita kiasi. Kuta za nyama yake zimejengwa kwa kitini, jamii ile ile ya kitu kilichomo kwenye gamba la kamba na kaa, na kitini hakiyeyuki kwa joto la jikoni. Ukiuacha dakika tano zaidi unabaki na utafunaji wake. Anayeutoa mapema ndiye anayepata hasara.

Wala usiule mbichi kwenye kachumbari, hata ukiona watu wa mikahawa wanafanya hivyo. Uyoga chaza mbichi una protini inayoweza kupasua chembe za damu, na moto unaiharibu kabisa. Isitoshe, ukiwa mbichi tumbo halipati mengi kutoka kwake.

Umefaulu kama nusu kilo imepungua hadi karibu nusu yake, vipande vina rangi, na ukikibana kimoja kwa mwiko hakitoi maji. Ukiishia hapa, ukaongeza thomu iliyopondwa, pilipili manga na ndimu, una kitoweo cha chapati kwa robo saa.

Hatua ya 6: Uyoga wa kupaka

Kuku wa kupaka anajulikana na kila mtu hapa. Uyoga unamfuata vizuri kwa sababu unashika moshi wa makaa.

Zikune nazi zote mbili. Kamua tui zito kwa kikombe kimoja cha maji ya vuguvugu, uliweke kando. Kamua tui jepesi kwa kikombe kingine.

Chukua vile vishungu vikubwa, uvipitishe hatua ya 5 ukivikandamiza kwa sufuria nzito iliyotiwa maji. Kukandamiza kunakilaza kishungu chote kiguse moto, na maji yanatoka haraka. Kisha vipeleke kwenye wavu juu ya makaa yaliyokwisha shika majivu, dakika 2 au 3 kila upande. Ukivipeleka vikiwa bado na maji, vitafuka tu bila kuungua.

Wakati huo saga nyanya, thomu, tangawizi na pilipili. Weka jikoni pamoja na bizari ya manjano, bila mafuta, hadi ikauke na harufu ya ubichi wa nyanya iondoke. Tia tui jepesi, lichemke lipungue nusu. Shusha moto, tia tui zito, na kuanzia hapo usiache kukoroga wala usiruhusu lichemke kwa nguvu, maana tui likikatika halirudi. Mchuzi ukishika mgongo wa mwiko, epua. Ndimu inaingia sasa, jiko likiwa mbali. Ukiitia kwenye tui linalochemka utalikata mwenyewe.

Paka mchuzi juu ya vishungu, virudishe makaani nusu dakika, paka tena. Nyunyiza dania. Mchuzi uliobaki unamiminwa juu ya wali.

Mchuzi sahihi unang'ang'ania uyoga na kuacha njia ukipitisha kijiko. Ukitiririka sahanini, maji hayakutoka kwenye hatua ya 5. Usijaribu kuokoa kwa unga wa ngano; uchemshe polepole bila kifuniko, ukubali kwamba tui litapoteza utamu kidogo.

Angalizo kwa anayetaka kuacha nyama: gramu 100 za uyoga chaza mbichi zina protini karibu gramu 3 na kalori 33. Ni mboga nzuri, si mbadala wa kuku kwa hesabu ya protini. Ongeza maharagwe au kunde katika mlo huo.

Hatua ya 7: Kukausha katika mji wa bahari

Kwanza amua kwa msimu. Kaskazi, hasa Januari na Februari, jua linatosha. Masika hadi katikati ya Kusi, sahau jua. Tumia oveni, au kaanga na kugandisha. Anayeanika Mei akitegemea mawingu yafunguke analima ukungu.

Anza na uyoga wa siku hiyo hiyo. Mtu hukausha ule uliobaki siku ya tano, uliokwisha anza kulainika, halafu analaumu jua.

*Kwa jua.* Chana vipande vyembamba, unene usiozidi nusu sentimita, mashina uyachane zaidi. Tandika kitambaa kwenye uteo, panga vipande visigusane, inua uteo juu ya matofali au viti viwili ili hewa ipite chini. Watu wanaweka jua mbele na kusahau upepo, kumbe hapa upepo ndio unaofanya nusu ya kazi. Funika kwa chandarua. Toa saa tatu asubuhi umande ukishakauka, geuza kila saa moja au mbili.

Ingiza ndani kabla ya alasiri kuisha. Jioni hewa inapoa, unyevu unapanda, na uyoga uliokauka nusu unayarudisha maji uliyoyatoa mchana. Usiuache juu ya meza hadi kesho. Uweke mbele ya feni usiku kucha, au uufungie kwenye kopo lisilopitisha hewa, na asubuhi urudi juani. Siku mbili za jua zuri zinatosha. Ikiwa siku ya pili kumeota mawingu, usingoje ya tatu. Malizia kwenye oveni.

*Kwa oveni.* Nyuzi 50 hadi 60, mlango ukiachwa wazi kidogo kwa mwiko wa mti ili mvuke utoke. Saa 4 hadi 6. Oveni nyingi za gesi hazishuki hivyo. Washa dakika chache, zima, acha, washa tena. Ukizidisha joto unaupika nje na ndani unabaki na unyevu.

*Kipimo cha ukavu.* Chukua kipande kinene kuliko vyote, kiache kipoe, kisha kikunje. Kikikatika kwa mlio, tayari. Kikijikunja bila kukatika, bado. Lazima kipoe kwanza, kwa sababu cha moto kinadanganya. Kwa uzito, kilo 1 ya mbichi huacha karibu gramu 100.

*Kuhifadhi.* Jaza chupa mara tu uyoga unapopoa, si baada ya chai. Weka chini kijifuko cha kitambaa chenye mchele uliokaangwa mkavu ukapozwa. Unanyonya unyevu unaoingia kila ukifungua. Funga, angalia kesho yake. Ukiona ukungu wa mvuke kwenye kioo, au vipande vimelainika, toa vyote uvirudishe kwenye oveni. Vikipita siku hiyo salama, weka chupa kabatini mbali na jiko na mwanga. Ni bora kuwa na chupa ndogo tatu kuliko kubwa moja inayofunguliwa kila siku.

Likitokea doa la kijani au harufu ya chumba kilichofungwa, mwaga chupa nzima. Kuchagua vilivyo safi hakusaidii, na baadhi ya sumu za kuvu wa kuozesha chakula hazifi kwa kupikwa.

Kuurudishia maji ni dakika 20 hadi 30 katika maji ya moto kiasi. Maji hayo yachuje kwa kitambaa uyatie kwenye wali au mchuzi. Yana ladha kuliko mchemraba wowote wa supu.

Hatua ya 8: Unga na supu

Unga ni rahisi. Twanga au saga uyoga uliokatika kwa mlio, chekecha, rudisha makapi kinuni. Uyoga uliolainika hausagiki, unakwama tu kwenye blenda. Tumia kijiko kimoja cha chai kwa mtu, ndani ya kitu kinachopikwa: uji wa wimbi, maharagwe ya nazi, mchuzi wa samaki. Uchemke ndani yake angalau dakika 10. Usiunyunyize mbichi juu ya chakula.

Kwa mwenye presha, unga huu una kazi nyingine. Uyoga una glutamate kwa wingi, ile inayoleta ladha nzito ya supu, na ukiutia unaweza kupunguza chumvi bila chakula kupooza. Hilo utalihisi ulimini siku hiyo hiyo, tofauti na ahadi nyingine nyingi zinazotolewa juu ya uyoga.

Supu: uyoga mkavu gramu 15, au mbichi gramu 150, lita 1 ya maji, tangawizi iliyopondwa, pilipili manga. Ichemke kwa moto mdogo dakika 45 hadi saa 1, hadi ipungue robo. Muda mrefu una sababu. Betaglukani, nyuzinyuzi ambazo watafiti wanazichunguza zaidi, zimefungwa ndani ya kuta ngumu. Maji ya moto huzitoa sehemu, nyingine zinabaki kwenye nyama. Kwa hiyo kunywa na kula, usichuje ukatupa. Chumvi tia mwishoni, kidogo. Wakati wa futari inakaa vizuri tumboni kabla ya vyakula vizito.

Hatua ya 9: Kuutumia kama dawa bila kujidanganya

Kilicho na uhakika ni cha chakula: nyuzinyuzi, vitamini za kundi B, potasiamu, vitamini D kama umefuata hatua ya 4, na kalori chache. Anayekula uyoga mahali pa nyama ya mafuta au viazi karai atapata nafuu, na sehemu kubwa ya nafuu hiyo inatokana na kile alichoacha kula.

Kuhusu sukari, utafiti mdogo wa wagonjwa 89 wa kisukari uliochapishwa Bangladesh mwaka 2007 ulionyesha sukari na kolesteroli zikishuka wakati wagonjwa wanakula uyoga chaza, na kupanda walipousimamisha. Hao walikuwa hospitalini, chakula chao kinadhibitiwa. Unatia moyo, hauthibitishi kwamba bakuli lako la mchuzi wa nazi juu ya sahani ya wali litafanya hivyo hivyo. Ukitaka kujua kwako inakuwaje, badilisha kitu kimoja tu: mlo ule ule, saa ile ile, siku nyingine na uyoga na siku nyingine bila, na upime saa 2 baada ya kula. Andika namba. Usipunguze dawa kwa namba hizo. Mpelekee daktari wako.

Kuhusu kolesteroli, uyoga chaza hutengeneza lovastatini, dawa ile ile inayouzwa kwa vidonge. Lakini kiasi kinatofautiana mno kutoka kishungu hadi kishungu, na mpishi hana njia ya kukipima. Aliyeandikiwa vidonge aendelee navyo.

Hauponyi saratani, na hauchukui nafasi ya dawa za kukandamiza virusi vya UKIMWI. Anayekuuzia unga wa uyoga kwa madai hayo anakuuzia chakula kwa bei ya dawa.

Na hili la macho nimeulizwa na watu wa heshima, kwa hiyo nalijibu kwa heshima. Hadithi ya Mtume (S.A.W.) inayotaja maji ya kam'a kuwa ni tiba ya macho inahusu kuvu anayeota chini ya mchanga wa jangwani, si uyoga huu wa mifuko ya shambani. Usitie maji ya uyoga chaza machoni kwa hali yoyote. Hayana usalama wa vijidudu, na jicho lililoambukizwa halisubiri.

Wa kujihadhari ni hawa:

- Mwenye figo dhaifu aliyeambiwa apunguze potasiamu. Gramu 100 za mbichi zina miligramu 420 hivi, na unga umezikusanya zaidi.
- Anayetumia insulini au vidonge vya sukari akiamua kula uyoga kila siku badala ya wanga: sukari inaweza kushuka kupita kiasi. Apime mara nyingi zaidi wiki ya kwanza.
- Mwenye jongo. Ale kidogo, aangalie.
- Aliyepandikizwa kiungo au anayetumia dawa za kupunguza kinga: amuulize daktari kabla ya unga au supu ya kila siku.
- Anayelima au kufungasha uyoga chumba kilichofungwa. Mbegu zake zinazoelea huleta kikohozi, homa na kifua kubana. Avae barakoa na kuvuna kofia kabla hazijafunguka.
- Anayeula mara ya kwanza. Aanze na kijiko kimoja au viwili vilivyopikwa vikaiva, angoje hadi kesho. Tumbo kujaa kidogo ni kawaida. Midomo kuvimba, mwili kuwasha au kupumua kwa shida ni mzio: hospitali mara moja, na asiujaribu tena hata kwa kiasi kidogo.